Mtunzi na Amana Yake

Msomaji, seremala akimaliza kuchonga mlango, mlango huo ni ule ule leo na kesho. Hauhitaji seremala wa pili kuuchonga upya kila asubuhi ndipo watu wauone. Mwashi akimaliza kujenga nyumba ya mawe, nyumba husimama hata mwashi akiwa safarini au kaburini. Mtunzi wa wimbo hana bahati hiyo. Wimbo alioumaliza hausikiki mpaka mtu mwingine aufumbulie kinywa au auwekee vidole juu ya nyuzi. Kila uimbwapo huzaliwa upya, na kila uzaliwapo waweza kuzaliwa na kilema. Kwa hiyo mtunzi hufanana na mzazi aliyempeleka mwanawe kulelewa katika nyumba ya watu: hana budi kuwaamini walezi, na hana budi kuwaogopa.

Katika insha hii nataka tuwatazame watunzi waliokuwa wakali juu ya jambo hili. Watunzi ambao hawakuridhika kwamba kazi yao inaimbwa tu, bali walitaka iimbwe kama walivyoitunga. Tutapita kwanza Ulaya, ambako habari zao zimeandikwa kwa urefu, kisha tutarudi pwani yetu, katika mji wa Mombasa, ambako habari kama hizo zipo ingawa hazisimuliwi sana madarasani. Mwisho tutauliza swali linalokuhusu wewe unayesoma mashairi shuleni: je, kazi ya mtunzi aliyekufa ni mali ya nani?

Watu wa Ulaya walibuni zamani njia ya kuandika muziki kwa alama zinazoitwa noti. Noti huonyesha sauti ipi ipande, ipi ishuke, na kila sauti idumu kwa kadiri gani. Ungedhani kwamba kwa kuwa na maandishi ya namna hiyo watunzi wangekaa raha mustarehe. Haikuwa hivyo. Mwaka 1722 mtunzi Mfaransa aliyeitwa François Couperin alitoa kitabu cha tatu cha nyimbo zake za kinanda, na katika dibaji yake alilalamika waziwazi. Alikuwa ametia alama kwa uangalifu mwingi kuonyesha mapambo ya kila sauti, na hata alikuwa ameandika kitabu cha mafunzo kueleza namna ya kupiga. Juu ya hayo yote alisikia watu wakipiga nyimbo zake bila kujali alama hizo. Akasema kwamba kazi zake zipigwe kama alivyozitia alama, pasipo kuongeza wala kupunguza. Vinginevyo hazitawagusa watu wenye kujua uzuri. Tazama jinsi lalamiko hili lilivyo la kawaida. Mtu ameandika, ameeleza, ametia alama, na bado hasomwi.

Baada ya Couperin alikuja Ludwig van Beethoven, Mjerumani aliyeishi katika mji wa Vienna. Noti zilikuwa na upungufu mmoja: hazikuweza kueleza kwa yakini mwendo wa wimbo. Mtunzi aliandika neno la kusema wimbo uende upesi au uende polepole. Lakini upesi wa mtu mmoja ni polepole ya mwingine. Mwaka 1815 Johann Maelzel alipata hati ya kumiliki chombo kiitwacho metronomu, ambacho hupiga mapigo sawasawa kwa hesabu ya dakika. Beethoven alikifurahia. Mwaka 1817 alitangaza hesabu za mwendo wa simfoni zake nane alizokuwa amekwisha kuzitunga, ili asiwepo wa kusema kwamba hakujua. Nawe ukitaka kujua kwa nini alikuwa na bidii hiyo, kumbuka kwamba wakati huo masikio yake yalikuwa yakifa. Simfoni yake ya 9 ilipopigwa kwa mara ya kwanza mwezi wa Mei 1824, alikuwapo ukumbini lakini hakuisikia. Yasimuliwa kwamba mmoja wa waimbaji wa kike ilimbidi amgeuze awaelekee watu, ili aone kwa macho makofi ambayo hakuweza kuyasikia kwa masikio. Mtunzi wa namna hiyo hawezi kusimama kando ya wapigaji na kuwaambia kwamba hapa mmekosea. Alama zake za karatasini ndizo masikio yake na ndizo ulimi wake. Lakini hata hesabu zile hazikumaliza ubishi. Mpaka leo wako viongozi wa okestra wanaoziona kuwa za kasi kupita kiasi, na wako wanaozifuata.

Mfano wa tatu ni wa karne ya 20. Mpiga piano wa Vienna, Paul Wittgenstein, alipoteza mkono wake wa kulia katika Vita Kuu ya Kwanza. Hakuacha kazi yake. Aliwaomba watunzi mashuhuri wamtungie muziki wa mkono wa kushoto peke yake, akawalipa. Mmoja wao alikuwa Mfaransa Maurice Ravel. Utunzi wa Ravel ulipopigwa Vienna mwaka 1932, Wittgenstein alibadili sehemu kadha wa kadha kwa kuona kwamba zingefaa zaidi hivyo. Ravel alipomsikia alikasirika, na urafiki ukaingia ufa. Mpigaji alitetea kwamba yeye si mtumwa wa mtunzi; mtunzi akashikilia kwamba ndivyo hasa mpigaji alivyo. Maneno hayo ni makali, wala sikuambii kwamba nayakubali. Nayataja kwa sababu yanatuwekea mbele yetu mizani yenye vitanga viwili: katika kimoja yumo aliyetunga, na katika cha pili yumo anayeupa utunzi uhai. Tutairudia mizani hiyo kabla ya kuagana.

Sasa turudi nyumbani. Usidhani kwamba ukali huu ni wa watu wenye noti na metronomu tu. Katika Mombasa ya mwanzo wa karne ya 19, mji uliokuwa chini ya Wamazrui na uliokuwa ukishindana na Seyyid Said wa Omani na Unguja, aliishi mtunzi Muyaka bin Haji. Yakadiriwa kwamba alizaliwa mwaka 1776 na kufa mwaka 1840 hivi. Kwa hiyo aliishi karibu miaka ile ile ya Beethoven, ingawa hapana aliyesikia habari za mwenzake. Muyaka alitunga juu ya mapenzi, njaa, biashara, urafiki na vita. Mashairi yake hayakutungwa yasomwe kimya na mtu mmoja aliyejifungia chumbani. Yalitungwa yatoke kwa sauti mbele ya watu. Mengine yalikuwa ya kujibizana na washairi wa Lamu wakati miji hiyo miwili ilipokuwa na uadui, na shairi lilisafiri kwa chombo kutoka mji hadi mji kama barua ya mfalme. Fikiri basi hatari yake. Neno moja likipotoka njiani, sifa yaweza kuwa tusi, na tusi laweza kuwa sababu ya damu.

Muyaka hakuwa na noti. Alikuwa na nini cha kuilinda amana yake? Alikuwa na kanuni za ushairi, nazo ni mlinzi wa kwanza. Umefundishwa kwamba ubeti wa shairi una mishororo minne, na kwamba kila mshororo aghalabu una mizani 16, nane kabla ya kituo na nane baada yake, na kwamba vina hupatana katikati na mwisho. Sheikh Kaluta Amri Abedi alizifafanua sheria hizo katika kitabu alichokitoa mwaka 1954, na wanafunzi wengi huziona kuwa ni mzigo waliotwikwa na walimu. Nataka uzione kwa jicho jingine. Chukua mishororo hii miwili niliyoibuni kwa ajili ya mfano:

Mwenye huzuni ya kweli, huonekana kwa mato,
Hata asipokubali, uchungu ulo na moto.

Hesabu, utaona kila kipande kina mizani nane. Sasa mwimbaji asiye makini aseme "uchungu ulio na moto". Maana haikubadilika hata kidogo, lakini mizani zimekuwa tisa, na wimbo umechechemea kama mtu aliyekanyaga mwiba. Sikio la mjuzi litashtuka papo hapo na kumrudisha mwimbaji. Kumbe kanuni ile haikuwekwa kumtesa mtunzi. Ni kufuli aliloliweka mlangoni ili mwizi akijaribu kuingia, mlango upige kelele. Kila anayeongeza hujulikana, na kila anayepunguza hujulikana.

Mlinzi wa pili ni hesabu ya beti. Mwana Kupona binti Msham, aliyeishi Siyu na Lamu, alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha mwaka 1858. Mwishoni hakutosheka na dua. Alitaja ndani ya utenzi wenyewe idadi ya beti zake, kwamba ni 102, na mwaka wa kutunga kwa hesabu ya Kiislamu, nao ni 1275. Mgeni aweza kujiuliza hesabu inatafuta nini katika utenzi wa mama kwa mwana. Lakini mtu aliyezoea Shimanzi hatauliza. Mahali pale, penye maghala na matangi ya mafuta karibu na bandari ya Kilindini, hapana mzigo uingiao wala utokao bila hati. Karani hushika karatasi mkononi na kuhesabu magunia moja baada ya moja. Hati ikisema 102 na magunia yakawa 101, gari haliondoki mpaka lililopotea litafutwe. Mwana Kupona alifanya kazi ya karani huyo kwa ajili ya beti zake. Aliandika hati ya mzigo akaifunga ndani ya mzigo wenyewe, ili atakayenakili baada ya miaka 100 ajue kama ameufikisha wote. Zaidi ya hayo, watunzi wengi wa tenzi walikuwa na desturi ya kumwomba msomaji mjuzi awasahihishie makosa. Ukali wao haukuwa kiburi. Walijijua kuwa ni wanadamu, ila walitaka atakayesahihisha awe mwenye kujua.

Mlinzi wa tatu ni mwandishi mwaminifu. Muyaka alipofariki, mashairi yake yalibaki katika vichwa vya watu na katika karatasi chache, na vichwa hufa na karatasi huliwa na mchwa. Aliyeyaokoa ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890. Aliyakusanya na kuyaandika kwa hati za Kiarabu, akishirikiana na mmisionari Mwingereza, W. E. Taylor, ambaye alikipenda Kiswahili cha Mombasa na kukisikiliza kwa makini. Ili uelewe ugumu wa kazi yao, kumbuka kwamba Kiarabu kina alama tatu tu za irabu fupi, ilhali Kiswahili kina irabu tano. Kwa hati za zamani "toa" na "tua" huandikwa namna moja. Tena Kiarabu hakina herufi ya sauti ya "p". Wengi waliandika "b" mahali pake, hata "paa" la nyumba na "baa" lenye kuleta msiba vikawa kitu kimoja machoni. Na ukiwasikiliza wazee wa Mji wa Kale, utawasikia wakipambanua "paa" la nyumba na "paa" wa mwituni kwa pumzi inayotoka midomoni, jambo ambalo hata herufi zetu za Kirumi haziliandiki. Mwandishi wa namna hiyo hana budi kuwa na subira ya mvuvi. Ilimpasa kuuliza, kulinganisha, na kutia alama za kupambanua sauti, ili msomaji wa baadaye asibaki akibahatisha. Kwa msingi wa kazi hiyo William Hichens aliweza kuchapisha diwani ya Muyaka mwaka 1940, na Mohamed Hassan Abdulaziz akatoa kitabu kikubwa juu yake mwaka 1979. Lau Mwalimu Sikujua angekuwa mvivu, leo tungekuwa na jina la Muyaka bila kauli yake.

Lakini walinzi hawa watatu walilinda maneno peke yake. Mahadhi ambayo watu wa Mombasa walimwimbia Muyaka hayakuandikwa na mtu, wala hapakuwa na chombo cha kuyanasa. Yamekwenda na upepo. Hapa tunaiona tofauti kubwa baina ya watunzi wa Ulaya na wa kwetu. Mtunzi wa Ulaya aliweka heshima yake katika sauti, kwa hiyo aliilinda sauti. Mshairi wa pwani aliweka heshima yake katika neno, na katika mahadhi alimwachia mwimbaji uhuru mwingi. Shairi moja laweza kuimbwa kwa mahadhi matatu au manne, na mshairi asione kwamba ameibiwa. Badili neno moja, utamwona akisimama.

Hali hiyo iliendelea hata katika taarabu. Siti binti Saad wa Unguja alipokwenda Bombay mwaka 1928 kuimba katika sahani za santuri, sauti ya mwimbaji wa Kiswahili ilipata mlinzi mpya wa chuma. Mlinzi huyo naye alidai ushuru wake, maana upande mmoja wa sahani za siku hizo haukuchukua zaidi ya dakika tatu au zaidi kidogo, na wimbo wa beti nyingi ulilazimika kukatwa. Baadaye Mombasa yenyewe ilipata waimbaji wawili ambao mfano wao wafaa sana kwa somo letu. Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alipendwa kwa nyimbo nyingi alizoziimba kwa mahadhi ya filamu za Kihindi. Lakini maneno yake mengi yalitungwa na ndugu yake Ahmad Nassir Juma Bhalo, mshairi wa diwani ya Malenga wa Mvita, ambaye hakuwa mtu wa kupoteza kina. Zein l'Abdin, aliyezaliwa Lamu na kufariki Mombasa mwaka 2016, alichagua njia nyingine. Yeye alishika udi na kutafuta mahadhi yenye asili ya pwani na Uarabuni, na kwa maneno alimwendea, miongoni mwa wengine, Sheikh Ahmad Sheikh Nabhany, mjuzi wa lugha aliyeshughulika na neno hata akabuni "runinga" na "ngamizi" kwa ajili ya vyombo vipya vya dunia. Watu wa mji waligawanyika, hawa wakimpenda huyu na wale wakimpenda yule. Juu ya mahadhi waliweza kubishana usiku kucha. Juu ya mizani na vina hapakuwa na ubishi. Mashairi ya pande zote mbili yalipita katika lango moja.

Sasa, msomaji, nakuja kwenye jambo linalokuhusu wewe hasa. Mwezi wa Juni mwaka 1928, mwaka ule ule Siti aliosafiri kwenda Bombay, ulifanyika mkutano katika mji wa Mombasa juu ya Kiswahili cha shule na vitabu. Mkutano huo uliamua kwamba Kiswahili sanifu kijengwe juu ya lahaja ya Unguja, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya nchi nne za Afrika Mashariki kusimamia kazi hiyo. Faida yake ni kubwa, wala sina nia ya kuikana: kwa sababu ya uamuzi huo wewe uliye Kisumu na mwenzako aliye Tabora mwaweza kusoma kitabu kimoja. Lakini tazama ajabu ya mambo. Katika mji wa Muyaka, lahaja ya Muyaka iliondolewa katika kiti, na watoto wakafundishwa kwamba "mato" ni "macho", "ndia" ni "njia", na "mtele" ni "mchele". Tangu hapo amezaliwa msahihishaji wa namna mpya. Huyu hafanyi kwa uvivu, wala hafanyi kwa hila. Hufanya kwa bidii na kwa nia njema, akiwa na kalamu nyekundu mkononi.

Irudie ile mishororo yangu miwili. Msahihishaji huyo akikuta "mato" ataandika "macho", kisha ataridhika kwamba amelisafisha shairi. Kumbe amelivunja. "Moto" sasa hauna mwenzake. Kina cha mwisho kimekatika, na yule mlinzi wa kwanza anapiga kelele mlangoni. Katika chuo cha ualimu nimewasikiliza vijana wengi wanaojifunza kufundisha wakighani mashairi ya kale kwa namna hiyo, kila mmoja akinyoosha neno alilodhani limepinda. Nikiwauliza kwa nini, hujibu kwamba mtunzi alikosea. Kabla ya kutoa hukumu hiyo huwataka wahesabu mizani na kutazama vina, na aghalabu huona wenyewe kwamba aliyekosea hakuwa mtunzi.

Usifikiri kwamba hili ni jambo dogo la watu wasio na kazi. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa tangu mwaka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya kijitabu alichokiandika kuuliza Kenya inakwenda wapi. Gerezani alitunga mashairi akiyaandika kwa siri juu ya karatasi za msalani, nayo yakachapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mwaka uliofuata yakapata Tuzo ya Jomo Kenyatta. Mtu huyo alikuwa amenyimwa nyumba, jamaa na njia. Mizani na vina hakunyimwa, na katika dhiki ile alivitimiza. Tena alitunga kwa lahaja ya Mombasa iliyomlea. Atakayebadili maneno ya kitabu kile ili yafanane na ya darasani atakuwa amemfanyia mtunzi jambo ambalo hata kuta za gereza hazikulifanya.

Je, mwimbaji ni mtumwa wa mtunzi, kama alivyoshikilia Ravel? Mimi sisemi hivyo. Mkono mmoja haulei mwana. Shairi la Muyaka lililofungiwa katika sanduku la maktaba ni kama mbegu iliyo ghalani: halijaoza, lakini halijaota. Ndiyo maana mshairi wa pwani, pamoja na ukali wake wote, alimwachia mwimbaji mahadhi, akamwachia sauti, akamwachia kurudia mshororo ambao wasikilizaji wameupenda. Mwimbaji mwema aweza kukufanya ulie kwa neno ulilolisoma mara kumi bila kuguswa. Huo ni uhuru mpana, na unamtosha mwenye kipawa. Kilichokatazwa ni kimoja tu: kuibadili amana kisha kuiita kwa jina la mwenyewe. Ukitaka kusema maneno yako, tunga shairi lako ulitie jina lako. Hapana atakayekuzuia, na huenda ukasifiwa. Ukisema kwamba hili ni la Muyaka, basi na liwe la Muyaka.

Kwa hiyo, utakapopewa shairi la kale ulisome mbele ya wenzako, fanya mambo haya manne. Kwanza, lisome lote kimya mpaka ujue linataka nini. Pili, hesabu mizani ya kila kipande kwa vidole, wala usione haya. Tatu, ukikutana na neno usilolijua, lifikirie kuwa ni neno ambalo hujafundishwa, kabla ya kulifikiria kuwa ni kosa. Kisha muulize mzee wa lahaja hiyo, au tafuta kamusi. Nne, ukiwa umekwisha kumtii mtunzi katika maneno, tumia sauti yako yote na moyo wako wote, kwa maana hapo ndipo pako.

Couperin aliandika dibaji, Beethoven akatangaza hesabu za mwendo, Mwana Kupona akataja idadi ya beti, na Muyaka akaweka vina ambavyo Mwalimu Sikujua alivihifadhi. Wote walikuwa wakisema na mtu wasiyemjua, ambaye angekuja nyuma yao na kushika kazi yao mikononi wakati wao wenyewe hawapo kuitetea. Mtu huyo leo ni wewe. Shairi lililo katika kitabu chako cha darasa limepita katika mikono mingi mpaka likakufikia. Nawe utalikabidhi kwa mwingine, na kabla ya kulikabidhi, hesabu.